Mgongo Haujaisha, Mama: Jinsi Diski Zinavyozeeka

Watu huja na karatasi ile ya ripoti imekunjwa ndani ya bahasha kubwa ya kaki, pamoja na filamu nyeusi za MRI, ile mashine inayopiga picha za ndani ya mwili. Imeandikwa kwa Kiingereza, lakini mwenye mgongo ameshatafsiriwa na mtu huko koridoni: "Diski zimechakaa. Pingili zimesagika." Kuanzia siku hiyo anatembea tofauti. Hainami hata kuokota ufunguo. Akikaa anashuka taratibu, mikono miwili kwenye mapaja, macho yamekaza. Ukimuuliza kama anaumia wakati huo, mara nyingi anakujibu kwamba hapana, anaogopa tu kuharibu zaidi.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nilisomea Moshi, sasa nafanya kazi Arusha, na naandika haya kwa sababu hofu hiyo inalaza watu wengi kuliko diski zenyewe. Diski, yale matakia madogo yaliyo kati ya pingili za mgongo, huzeeka. Zinaanza mapema kuliko mtu yeyote anavyodhani, na sehemu kubwa ya kinachoandikwa kwenye ripoti zile ni umri wa mtu, ulioandikwa kwa maneno ya kutisha.

Ukitaka kuiona diski kwa macho yako, nenda bucha lolote pale Kilombero ununue mkia wa ng'ombe. Mwangalie muuzaji anavyokata: hapigi mfupa, anatafuta kiungo, kisu kinazama chenyewe. Sehemu iliyokatika ina duara jeupe linalong'aa. Bonyeza pembeni kwa kidole, ni gumu na lina nyuzi. Bonyeza katikati, linabonyea, na kidole kinatoka na ute mzito unaoteleza. Hiyo ndiyo diski. Maabara nyingi za Ulaya na Marekani zinazochunguza migongo ya binadamu hutumia mikia hiyohiyo ya ng'ombe, kwa kuwa diski zake zinakaribiana na zetu kwa ukubwa na kwa maumbile.

Sisi tunazo 23. Ya kwanza iko kati ya pingili ya pili na ya tatu ya shingo, ya mwisho iko chini ya pingili ya tano ya kiuno, inapokutana na mfupa wa nyonga ya nyuma. Ndiyo ile inayoandikwa L5/S1 kwenye ripoti, na jirani yake wa juu ni L4/L5. Hizo mbili ndizo zinazotajwa zaidi, kwa sababu zinabeba karibu mwili wote wa juu na ndizo zinazokunjwa zaidi tunapoinama. Diski zote kwa pamoja ni kama robo ya urefu wa uti wa mgongo.

Kwa mtu aliyekulia migombani maumbile yake si mageni. Kata mgomba kwa panga uangalie kisiki: tabaka juu ya tabaka, zimezungushia kiini laini, zote zimejaa maji. Diski ina tabaka kama 15 hadi 25 za kolajeni, protini ngumu yenye nyuzi, zilizozungukana hivyo, na nyuzi za tabaka moja zimelala upande huu, za tabaka linalofuata upande ule, zikipishana. Ndiyo maana inastahimili kuvutwa na kuzungushwa. Katikati ni kiini chenye ute, na siri ya kiini ni maji. Ndani yake kuna molekuli kubwa iitwayo agrikani, yenye chaji hasi nyingi, inayovuta maji na kuyashikilia hata pale uzito wa mwili unapojaribu kuyakamua. Kwa mtoto mchanga maji ni kati ya asilimia 80 na 90 ya kiini. Kwa mzee hushuka hadi karibu asilimia 70.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Katika utendaji ni kubwa. Kiini kilichojaa maji hufanya kazi kwa msukumo: ukikikandamiza kutoka juu, kinasukuma sawasawa pande zote, mfupa wa juu na wa chini unapokea mzigo kwa usawa, na tabaka za pembeni zinakazwa kutoka ndani. Kiini kikikauka, msukumo huo unapungua. Mzigo unahamia pembeni, hasa kwenye tabaka za nyuma, ambazo kazi yake ya asili ilikuwa kuvutwa, siyo kukandamizwa. Zinajikunja, zinapata mipasuko midogo, zinatokeza nje kidogo. Diski ikipungua kimo, vile viungo vidogo viwili vilivyo nyuma ya kila pingili vinaanza kubeba sehemu ya mzigo ambayo havikuwa vikibeba. Mwili nao hujibu: mfupa unaota pembeni, mishikizo inayofunga mfupa na mfupa inanenepa. Ripoti ikisema kuna vijiba vya mfupa, kumbuka kwamba mwili ndio uliovijenga, ukitanua sehemu ya kukalia mzigo.

Kwa nini diski haijitengenezi kama ngozi inavyopona jeraha? Kwa sababu haina damu. Ni kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini kisichokuwa na mishipa ya damu ndani yake. Seli zilizo katikati zinaweza kuwa milimita sita au nane kutoka kwenye mshipa wa karibu, na chakula chao chote hupenyeza polepole kupitia tabaka jembamba la gegedu, tishu nyumbufu kama ile ya sikio, lililo juu na chini ya diski. Glukosi huingia kwa njia hiyo, uchafu hutoka kwa njia hiyohiyo. Seli zenyewe ni chache, kama asilimia moja tu ya ujazo wa diski. Agrikani ikikatikakatika, vipande vinabaki humo kwa miaka. Kolajeni hukaa miongo mingi bila kubadilishwa, na sukari ya mwilini huendelea kujishikiza juu yake, ndiyo maana diski ya kijana ni nyeupe na ya mzee ni ya njano, hata kahawia. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa huongeza kasi ya jambo hilo. Mvutaji sigara naye huizidishia njaa diski iliyokuwa tayari na chakula cha shida.

Haya yote huanza lini? Hapo ndipo watu wengi hushangaa. Mtoto huzaliwa na vimishipa vya damu vinavyopenya kwenye lile gegedu, lakini katika miaka 10 ya kwanza ya maisha vimishipa hivyo hutoweka. Zile seli kubwa zilizokijenga kiini tangu tumboni nazo hupotea karibu kipindi hichohicho, na seli nyingine za aina ya gegedu huchukua nafasi yao. Mwaka 2002 Norbert Boos na wenzake walichapisha uchunguzi wa diski za kiuno za watu wa rika zote, kuanzia vijusi hadi wazee, wakizitazama kwa hadubini. Alama za uchakavu zilikuwa zimeshaanza kwa watoto wa miaka 11 hadi 16. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayekimbilia kifodi asubuhi pale Sakina, akiwa na begi mgongoni na hana maumivu yoyote, ameshaanza safari ambayo mama yake anaambiwa ni ugonjwa.

Sasa niseme kuhusu picha. Mwaka 2015 Waleed Brinjikji na wenzake walikusanya tafiti 33 zenye jumla ya watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Watu wazima kabisa kwa macho yao wenyewe. Wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa kwenye picha. Wenye miaka 50, asilimia 80. Wenye miaka 80, asilimia 96. Diski zilizotokeza nje zilikutwa kwa asilimia 30 ya wenye miaka 20 na asilimia 84 ya wenye miaka 80. Naomba mtu yeyote anayekabidhiwa ripoti aisome namba hizi kabla ya kusoma ripoti. Mzee wa miaka 70 asiye na uchakavu wowote kwenye diski ndiye wa kushangaza.

Sisemi diski haiumi. Inauma. Kwa kawaida ni sehemu ya nje tu ya tabaka zake iliyo na neva, lakini katika baadhi ya diski zilizochakaa neva huota kuelekea ndani, zikifuata mipasuko, na diski kama hiyo ikibanwa mtu anaisikia. Timu ya Anthony Freemont kule Uingereza ilionyesha hivyo mwaka 1997. Shida ni kwamba picha haikuonyeshi ipi inauma na ipi imezeeka kimya kimya. Hilo linahitaji mtu wa kukusikiliza na kukushika mgongo, na hapo ndipo huduma yetu inapopungua sana. Mgonjwa anapigwa picha kwa fedha nyingi na kuelezwa majibu kwa dakika mbili.

Kuna mama mmoja wa Kibosho aliletwa na kijana wake, umri wake umepita miaka 65. Ripoti ilitaja diski tatu za kiuno. Mahali fulani aliambiwa asiiname, asibebe kitu, apumzike. Naye, kwa kuwa ni mtu wa kutii daktari, akapumzika msimu wote wa masika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi ndiyo hivyo, mgongo wangu umeisha."

Nilimwomba asimame kutoka kwenye kiti bila kushika chochote. Hakuweza. Mapaja yalikuwa yamekwisha kabisa, ngozi imelegea juu ya goti. Nyumbani, alisema, anainuka kitandani kwa kuvuta fremu ya mlango. Ng'ombe alikuwa anakamuliwa na jirani kwa kugawana maziwa. Jambo lililomuuma kuliko mgongo lilikuwa hilo la ng'ombe, na alilisema huku ameangalia pembeni.

Nilimwambia kwamba picha yake ni ya mwanamke wa umri wake aliyefanya kazi. Nikampa namba zile. Kijana wake alizisoma mara mbili kwenye simu yangu. Tulianza na kusimama na kukaa kwenye kiti kirefu, kisha kifupi zaidi, kisha kigoda. Kutembea mpaka barabarani na kurudi. Ndoo ndogo ya lita tano, mkono mmoja, kisha mwingine. Akaniuliza lililokuwa moyoni tangu mwanzo: "Na majani?" Wanawake wa huko hushuka hadi tambarare kukata majani ya ng'ombe na kupanda nayo mlimani, mzigo kichwani juu ya ngata. Nikamwambia majani atabeba, ila mzigo tutaukuza kidogo kidogo kama tulivyofanya kwa ndoo. Leo anakamua mwenyewe. Maumivu hayajaisha yote, yapo baadhi ya asubuhi. Tukimpiga picha nyingine diski zitaonekana vilevile, au zimezeeka kidogo zaidi.

Hizo asubuhi zina sababu yake, na ni jambo ambalo nadhani kila mkulima na mfugaji anapaswa kulijua. Tukilala, mzigo unapungua na diski inanyonya maji. Tukisimama, maji yanakamuliwa polepole. Mtu mzima hupungua urefu kwa kama asilimia moja kati ya asubuhi na usiku, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea saa ya kwanza baada ya kuamka. Wanaanga wakikaa angani bila uzito hurefuka hadi karibu sentimita tano. Kwa hiyo alfajiri diski zimevimba, zimekaza, na kuinama wakati huo kunazibana zaidi kuliko kuinama mchana. Michael Adams na wenzake walikadiria mwaka 1987 kwamba mkazo kwenye diski wakati wa kuinama asubuhi ni mkubwa takriban mara nne ya ule wa baadaye mchana. Ukiamka saa kumi na moja na kwenda moja kwa moja chini ya ng'ombe, mgongo umekunjwa mbele ya ndoo, umechagua saa mbaya. Washa moto kwanza. Teka maji ya chai, fungua kuku, zungukazunguka uani nusu saa au zaidi, ndipo ukamue. Jaribio la Stover Snook huko Marekani, lililochapishwa mwaka 1998, liliwapunguzia watu maumivu ya kiuno kwa kuwafundisha kuepuka kuinama saa za mwanzo za asubuhi. Ushauri huu hauna gharama.

Kuhusu mizigo mizito, nimeulizwa sana na vijana wa mlimani, wale wagumu wanaopanda Kilimanjaro na mizigo ya wageni. Kikomo cha mzigo wa mgumu kinachotambuliwa na hifadhi ni kilo 20. Hans-Joachim Wilke wa Ujerumani aliweka kipimo cha msukumo ndani ya diski ya kiuno ya mtu aliyejitolea, na matokeo yake yalitoka mwaka 1999: amelala chali, megapaskali 0.1. Amesimama wima, 0.5. Ameshika kilo 20 karibu na kifua, 1.1. Ameinua kilo 20 hizohizo akiwa ameinama na mgongo umejikunja, 2.3. Mzigo ni uleule, diski inaona zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo namna ya kuunyanyua kutoka chini ina uzito kuliko kuubeba, na wagumu wazoefu wanajua hivyo: wanasaidiana kuupandisha begani au kichwani, mmoja anainua, mwingine anasimama.

Lakini je, kazi nzito ndiyo inayozeesha diski? Jibu limewashangaza hata wataalamu. Kule Ufini, Michele Battié na Tapio Videman walilinganisha mapacha wa kiume waliofanana vinasaba, wakiwemo waliotofautiana kwa uzito wa kazi walizofanya maishani. Katika matokeo ya mwaka 1995, mzigo wa kazi ulieleza asilimia 2 tu ya tofauti za uchakavu kwenye diski za chini za kiuno, na asilimia 7 kwenye za juu yake. Ukoo na mambo ya pamoja ya utotoni yalieleza sehemu kubwa zaidi kwa mbali. Kwa hiyo binti anayemlaumu baba yake kwa kubeba magunia ya mahindi miaka 30 anamwonea. Kazi nzito inaweza kuumiza mgongo siku ile, misuli na mishikizo, hilo halina ubishi. Diski kavu kwenye picha ni habari ya ukoo kwanza. Na mwendo unaweza hata kuisaidia: Daniel Belavy na wenzake mwaka 2017 waliwakuta wakimbiaji wa muda mrefu na diski zenye maji zaidi kuliko za watu wasiofanya mazoezi. Vijana wanaokimbia kila asubuhi barabara ya kwenda Marangu wakijiandaa na marathoni ya Moshi hawasagi pingili zao.

Uzee wa diski unabadilisha pia aina ya tatizo, na hapa wengi huchanganya. Diski kuchomoka na kubana neva, ile inayoshusha moto mguuni mpaka kwenye kidole gumba, ni ya watu wa kati ya miaka 30 na 50. Kiini lazima bado kiwe na maji ya kutosha kusukumwa nje, na tabaka ziwe zimeshapata mipasuko. Dereva wa bodaboda wa miaka 35 ndiye mgonjwa wangu wa kawaida wa aina hiyo. Habari njema ni kwamba wengi wao hupata nafuu ndani ya wiki au miezi bila upasuaji, na kipande kilichotoka mara nyingi hunywea chenyewe. Vipande vikubwa vilivyotoka kabisa ndivyo vinavyonywea zaidi, kwa sababu seli za ulinzi za mwili hatimaye huvifikia na kuvila.

Mzee wa miaka 75 kiini chake kimeshakauka, hakina cha kurushwa nje. Tatizo lake, likiwepo, ni njia ya neva kuwa nyembamba: diski imeiingilia kutoka mbele, viungo vimenenepa kutoka nyuma, mishikizo imejaa. Huyu anasema miguu inakuwa mizito na kufa ganzi akitembea, na akikaa au kuinamia fimbo inapona. Huku kwetu dalili hiyo hujionyesha kwa namna ya pekee kwenye miteremko. Anapanda kutoka barabarani hadi nyumbani bila shida kubwa kwa kuwa akipanda anainama mbele na njia inafunguka. Akishuka anajinyoosha nyuma, njia inabana, miguu inagoma. Wengine humdhania magoti. Muulizeni babu kama ni kupanda au kushuka kunakomshinda, na jibu lake mpeni daktari neno kwa neno.

Na wazee kufupika? Tunalaumu diski, lakini Lance Twomey na James Taylor, waliopima migongo ya watu wa rika mbalimbali huko Australia miaka ya 1980, walikuta diski nyingi za kiuno hazipungui kimo katikati. Mfupa wa pingili ndio unaodhoofika na kubonyea. Bibi anayefupika haraka na kupinda mgongo wa juu anahitaji kuangaliwa mifupa, hasa baada ya kukoma hedhi.

Yapo maumivu ambayo haya yote hayayahusu. Mgongo unaouma usiku hata umelala, pamoja na homa za jioni, jasho na kupungua uzito, huko kwetu ufikirie kifua kikuu cha uti wa mgongo, na kwa anayeishi na mifugo au kunywa maziwa mabichi ufikirie pia brusela. Vyote viwili hutibika kwa dawa, na vyote viwili vikichelewa huharibu pingili kwelikweli. Ukipata ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, mkojo ukagoma kutoka au ukatoka bila wewe kujua, au miguu yote miwili ikaanza kulegea, usije kwangu na usisubiri kliniki ya wiki ijayo. Nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji siku hiyohiyo, hata kama ni usiku na gari ni la kukodi.